Lango la Nyuma

Kituo cha Mbegu,
Jumapili, 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana baba anasema ukipewa moja tu huona umepunjwa. Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi na nalala na soksi mbilimbili kama mgonjwa. Baba mgongo wake umetulia. Mama amerudi kwenye mapazia yake na tayari ameshagombana na mteja mmoja, kwa hiyo jua kwamba yale mafua yamemwisha kabisa.

Usinilaumu kwa kuandika badala ya kupiga. Hapa kituoni simu hushika mtandao sehemu moja tu, juu ya tangi la maji, na ngazi ya tangi imepoteza vidato viwili. Barua nazo husafiri na lori la mbegu kila baada ya wiki mbili. Zinafika, ila kwa mwendo wa bibi harusi.

Kazi naipenda. Chumba changu kina dirisha linalotazama ghala, kitanda, na meza yenye mguu mfupi ambao nimeuwekea kitabu cha magonjwa ya viazi. Meneja wetu ni mtu wa maneno machache na kalamu nyingi mfukoni. Yupo mtunza ghala, mzee mpole anayezungumza na makufuli yake. Yupo dereva wa trekta, ambaye anajiona mzuri, na kusema kweli hajakosea sana.

Sasa jambo lenyewe. Nguruwe pori wamenivamia. Wanatoka kwenye kichaka kando ya kijito, na ndani ya wiki moja wamefukua matuta kumi na moja ya mbegu yangu mpya. Hawali tu, wanachezea. Wanauma kiazi, wanatema, wanaonja kingine, kama watu wanaochagua viatu dukani. Na Shangazi, mbegu hiyo ndiyo mtihani wangu. Niko kwenye majaribio ya miezi sita, nisipopata mavuno ya kugawa kwa wakulima nitarudi nyumbani na sanduku langu kichwani.

Tuna jirani, polisi mstaafu, kila mtu anamwita Kamanda. Ana mbwa watano na wote wana vyeo: Inspekta, Sajenti, Koplo, na kuruta wawili wasio na adabu. Amesema tukimpa siku moja tu atawabana hao nguruwe na kuwamaliza. Nimekubali. Wewe ulikaa na wanyamapori miaka mingi, nieleze basi nguruwe akibanwa hufanya nini, nisije nikaonekana mshamba mbele ya Kamanda.

Halafu nilimwuliza baba tena kuhusu mguu wako. Akacheka, akasema kamuulize mwenyewe. Ile habari ya kuanguka na baiskeli bado ipo au imebadilika?

Mimi Kiroboto wako.


Jumanne, 12 Machi

Kiroboto wangu,

Marahaba, zote mbili. Lori lako lilipita jana, barua ikaletwa na mpangaji wangu, yule fundi redio, akiwa ameshika bahasha kwa ncha za vidole kama kwamba ina homa. Mimi sijambo. Jino la mwisho la kushoto limeng'olewa, na daktari kijana alinisifu kwa ujasiri, nikamwambia angenisifu zaidi kama angenyamaza akiwa na koleo mkononi. Mwambie mama yako mapazia yangu bado nayasubiri tangu mwaka juzi.

Mguu ni baiskeli. Tuendelee.

Kuhusu hao nguruwe, soma taratibu, na ukimaliza msomee huyo Kamanda. Mnyama wa porini hana haja na wewe. Kila mmoja ana umbali wake moyoni, na wewe ukiwa nje ya umbali huo anakula zake. Ukiuingia, anaondoka. Nguruwe anayekuona kutoka mbali atakupa mgongo na hutamwona tena. Nimewaona mamia wakikimbia, na nimeona simba akimkwepa mama aliyebeba kuni. Hiyo si huruma wala woga, ni hesabu yake. Jeraha dogo tu huko porini linaweza kumuua, ndiyo maana hapendi kupigana.

Sasa mtilie mbwa mbele na ukuta nyuma. Mbwa hamwachi apumue, watu wanapiga kelele, njia zote zimezibwa. Ile hesabu imekwisha. Hapo hata swala, mpole unayemwona kwenye picha, atakutoboa kwa pembe. Mtu atakwambia mnyama kawa mkali, kashambulia. Hapana, mwanangu. Mnyama hashambulii, anapita. Wewe ndiye uliyesimama mlangoni. Na mbwa akiumizwa hukimbilia wapi? Hukimbilia kwa bwana wake, na mwenye hasira anakuja nyuma yake.

Kwa hiyo msiwabane. Wafungeni mbwa. Pigeni madebe kutoka upande wa shamba, muache upande wa kichaka wazi kabisa, nao wataondoka kwa miguu yao. Kisha jengeni uzio imara upande wa kijito, wa magogo yaliyolala chini, maana nguruwe hufukua kabla ya kuruka.

Hukuniandikia siku ya huo msako. Nakujua tangu ukiwa unarukaruka kitandani mwangu. Ukiacha kutaja tarehe, huwa ni ya karibu.

Shangazi yako.


Kituo cha Mbegu,
Jumatano, 27 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika Jumatatu, na msako ulifanyika Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Kwa hiyo wewe ulikuwa sahihi na lori lilikuwa limechelewa, tugawane lawama hivyo.

Kwanza tulia, hakuna aliyekufa. Mama asijue, tafadhali.

Tulianza asubuhi, jua limeshapanda. Kamanda alikuja na filimbi na kofia yake ya zamani, mbwa wamejipanga, na kwa nusu saa ilikuwa raha kama kwenda harusini. Mbwa waliingia kichakani, tukasikia kelele, mara nguruwe jike mkubwa akatoka, mwekundu kama udongo, manyoya ya mgongoni yamesimama. Badala ya kushika njia ya kijito, ambako kuruta walikuwa wanabweka, alikata kona akaingia uani kwetu kupitia lango la mbele. Uani kuna uchochoro kati ya ghala na ukuta wa mawe, na mwisho wa uchochoro kuna lango la nyuma linalotokea kwenye miti. Aliingia humo mbio. Lango likafungwa. Mbwa wakajaa nyuma yake, na sisi nyuma ya mbwa.

Shangazi, sijawahi kuona kitu kikigeuka vile. Alifika kwenye lango, akaligonga kwa pua mara moja, akageuka, akatulia. Alikuwa kama anatuhesabu. Kisha akaja. Sajenti alirushwa juu ya mapipa. Koplo alipasuliwa ubavu, ameshonwa nyuzi kumi na tisa, na wakati anashonwa alikuwa analamba mkono wa Kamanda, na Kamanda alikuwa analia waziwazi. Inspekta alistaafu hapohapo, hakuonekana hadi jioni. Meneja sijui alifikaje juu ya tangi la maji na ile ngazi mbovu, ila akiwa huko juu simu yake ilipata mtandao, mkewe akapiga kuuliza kama amenunua sabuni, na tulimsikia akijibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba amenunua.

Dereva wa trekta ndiye aliyeumia. Alikuwa amesimama katikati na reki mkononi, akapasuliwa paja. Yupo hospitali, anaendelea vizuri, anawaambia wauguzi alipigana na chui. Nguruwe mwenyewe aliruka juu ya rundo la magunia, akapita dirisha la banda la kuchambulia viazi, akaondoka na fremu.

Sasa kuna uchunguzi kidogo. Meneja anataka kujua kwa nini lango la nyuma lilikuwa limefungwa, maana lingekuwa wazi nguruwe angepita na hakuna ambaye angeguswa. Makomeo yote yako chini ya mtunza ghala, kwa hiyo yeye ametakiwa ajieleze kwa maandishi. Mzee wa watu hata hakumbuki. Anasema labda alilifunga kwa mazoea.

Viazi vinaendelea kuchanua. Maua meupe, mazuri sana, ungeyapenda.

Kiroboto.


Jumatatu, 8 Aprili

Kiroboto,

Marahaba. Nimefurahi uko mzima, na nimecheka sabuni ya Meneja hadi fundi redio akagonga ukuta kuuliza kama naumwa. Kaka yangu amepiga simu, sikumwambia kitu, ingawa mama yako alikuwa anapumua karibu na simu yake kama anayenusa sufuria. Mpeleke Koplo nyama kwa niaba yangu. Na yule dereva ambaye hajakosea sana, mpe pole.

Nimeisoma barua yako mara nne. Umeandika nani alirushwa, nani alipanda wapi, hata mbwa aliyelamba mkono umemtaja kwa jina. Lango peke yake umeandika "likafungwa" tu. Malango hayajifungi, mwanangu.

Sitakuuliza zaidi. Nitakueleza ya kwangu, na ukimaliza kusoma utafanya utakavyoona.

Sikuanguka na baiskeli. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, askari wa wanyamapori mwenye sare mpya, mwanamke peke yangu katika kikosi cha watu tisa, na nilikuwa na njaa ya kusifiwa. Nyani dume aliingia kwenye duka la nafaka mjini. Duka lilikuwa na milango miwili. Mbele watu walikuwa wamejaa na mbwa wao, wanazomea. Mkuu wetu aliagiza mlango wa nyuma uachwe wazi, na akamweka pale mwenzangu mmoja, kijana mrefu tuliyekuwa tunamwita Twiga, ausimamie. Nyani angetoka, angepanda paa, angerudi mlimani. Kazi ya dakika kumi.

Mimi niliona nikimkamata mzima, ndani ya wavu, jina langu litafika makao makuu. Twiga aligeuka kuwafukuza watu waliosogea. Nikapita nyuma yake, nikasukuma komeo, nikazunguka na kuingia kwa mbele na wavu wangu. Nyani alinikimbia, Kiroboto. Alinikimbia mimi, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akauvuta kwa mikono miwili kama mtu. Haukufunguka. Akanigeukia. Ninachokumbuka ni uso wake, haukuwa na ukali wowote, ulikuwa na hofu tupu. Halafu meno kwenye mguu wangu.

Hospitali mkuu alinijia na daftari, akauliza nani alifunga mlango wa nyuma. Nikasema sikumbuki. Neno moja hilo tu. Lakini mlango ulikuwa wa Twiga. Walimhamishia kituo cha mbali, ambako hata maji ya kunywa yalipelekwa kwa gari, na baada ya mwaka nikasikia ameacha kazi. Nyumbani nikasema ni baiskeli, kwa sababu ningesema nyani, mtu angeuliza habari za mlango.

Huo ni mwaka wa thelathini na moja. Mguu hunisumbua kukiwa na baridi. Lile lingine hunisumbua hata kukiwa na jua.

Shangazi yako.


Kituo cha Mbegu,
Alhamisi, 2 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Lori moja lilipita nikaliangalia tu, sikuwa na barua ya kutuma. Sasa nina ndefu.

Ni mimi. Nilikuwa nimesimama nje ya lango la nyuma, nikamwona anakuja, nikafikiria matuta yangu kumi na moja, nikasukuma komeo. Nilidhani tumeshampata. Hata nilitabasamu.

Barua yako ilinikuta Jumatatu. Jumanne nilikwenda hadi mlango wa ofisi ya Meneja nikarudi kupima unyevu wa udongo. Jumatano vilevile, udongo wa kituo hiki haujawahi kupimwa hivyo. Alhamisi nikaingia. Meneja alikuwa ameshika maelezo ya mtunza ghala, ukurasa mmoja, mwandiko umelala. Nikamwambia lango nililifunga mimi. Hakuinua sauti. Alitoa kalamu zote mfukoni, akazipanga mezani moja moja, akasema, "Kaa. Anza mwanzo."

Nilianza mwanzo. Nimepewa barua ya onyo, na majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Sikufukuzwa. Alisema angeijua habari hii kutoka kwa mtu mwingine, ningekuwa nimepanda lori tayari.

Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa la ghalani. Nilimkuta mtunza ghala anahesabu makufuli, nikamweleza. Akaweka kufuli chini, akasema, "Mwanangu, nimeshinda mwezi mzima nikidhani akili imeanza kunitoka. Nimekuwa nikiamka kuangalia kama nimefunga jiko." Shangazi, ningependa zaidi angenipiga. Hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne nikakuta kikombe cha chai kwenye dirisha langu, kimefunikwa kisahani. Cha mtunza ghala, nakijua kwa ufa wake.

Dereva nilimwendea hospitali. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniomba kitu kimoja tu, nisiwaambie wauguzi kwamba hakuwa chui. Amerudi kazini, anachechemea kuliko anavyohitaji, na amenialika kwenda kutazama mechi ya mpira. Nimesema nitafikiria. Nimeshafikiria.

Na lipo jingine, lilitokea wiki iliyopita. Asubuhi wachambuaji walifungua banda la viazi wakakuta nguruwe ndani, nyuma ya makreti. Jike, na vitoto vinne vyenye mistari. Sijui kama ni yuleyule. Dereva anaapa ni yeye, anasema anamjua kwa macho. Watu wakakimbilia mlangoni, mmoja ameshika jembe, mwingine fimbo. Kamanda alisikia kelele akatokea na Sajenti na kuruta wawili.

Nilisimama mbele ya Kamanda nikamwambia afunge mbwa. Alinitazama kama kuruta wa tatu. Nikamwambia, "Kamanda, huyu hataki vita. Anataka mlango." Akamwangalia dereva, akaangalia paja la dereva, kisha akawapeleka mbwa nyuma ya ofisi na kuwafunga kwenye bomba.

Tukawatoa watu wote upande wa kijito. Wote wakasimama upande mmoja, mbali, karibu na lango la mbele, na nikawaomba wasiseme neno. Mtunza ghala ndiye aliyekwenda kufungua mlango mpana wa banda. Alikataa mtu mwingine aende. Aliufungua polepole, akauegemezea jiwe, kisha akalifuata na lango la nyuma, akalifungua hadi mwisho, na kulifunga kwa kamba lisirudi.

Tukangoja. Nadhani dakika ishirini. Mpishi alipiga chafya na watu wakamtazama kama msaliti. Halafu pua ikatokea. Akasimama kizingitini, manyoya ya mgongoni yamesimama, anatuangalia. Hakuna aliyesogea. Yale manyoya yakaanza kulala, taratibu, kama nyasi upepo ukiacha. Akatoka, vitoto nyuma yake kwa mstari, kimoja kikiwa na kiazi mdomoni, mbegu yangu bora kabisa, akapita uchochoroni kwa mwendo wa kawaida tu hadi kwenye miti. Hakugusa mtu wala gunia.

Kamanda alikuwa amevua kofia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amewinda miaka arobaini na hakuwahi kumwona nguruwe akitembea. Sikuzote aliwaona wakikimbia.

Uzio wa magogo tumeanza kuujenga. Na wewe, Shangazi? Huyo Twiga yuko wapi sasa?

Kiroboto.


Jumamosi, 25 Mei

Kiroboto wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Sina habari za nyumbani za kukupa, maana sikuwepo nyumbani. Fundi redio amebaki na funguo na kuku wangu, Mungu awasaidie wote watatu.

Swali lako la mwisho lilikaa mezani kwangu siku mbili. Siku ya tatu nilipiga simu kwa watu wa kikosi cha zamani, wale waliobaki. Mmoja akanielekeza mji ulio safari ya basi ya saa saba, akasema nikashuke stendi, niulize kinyozi mrefu.

Sikuhitaji kuuliza. Kibanda kimepakwa rangi ya bluu, kina viti viwili na kioo chenye ufa, na yeye ameinama humo kama zamani, ila kichwa sasa ni cheupe. Alikuwa anamnyoa mteja ndevu. Nikakaa kwenye benchi. Aliniona kwenye kioo, mkono ukasimama kidogo, kisha akaendelea kunyoa hadi akamaliza, akampaka mteja poda, akamuaga. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ndani ya basi, yakapotea yote. Nikasema tu, "Twiga, ule mlango nilifunga mimi."

Alikuwa anafuta wembe. Akajibu, "Najua. Nililisikia komeo."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema nilikuwa navuja damu, akaona si wakati wa kunishtaki. Akafikiri nikipona nitasema mwenyewe, akangoja. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Kiroboto. Alisema mwaka wa kwanza, kule kwenye maji ya gari, alinichukia sana, na alikuwa akipanga maneno ya kuniambia tukikutana. Baadaye alijifunza kunyoa kwa kuwanyoa wenzake, akaoa, akapata watoto watatu, akagundua ameyasahau yale maneno, yamebaki mawili matatu tu. Nikamwambia ayaseme hayohayo. Akayasema. Yalikuwa makali na yalikuwa ya kweli, nikayapokea nikiwa nimekaa wima.

Nje mtu alikuwa anajaza upepo mpira wa watoto. Twiga akatundika taulo lake, akafunua pazia la nyuma ya duka, akaita, "Mama, njoo. Yule wa nyani amefika."

Mkewe akatoka anafuta mikono kwenye kanga. Akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kwenye viatu, akarudi juu, hakufanya haraka. Miaka yote hiyo nilikuwa nimezungumzwa ndani ya nyumba ile. Akauliza, "Umekula?"

Nikasema bado.

"Basi pita ndani," akasema, akanishikia pazia.

Shangazi yako.